Sadala na Halwa ya Viganja

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko wenye akili, palikuwa na mji ukiitwa Kiwambo, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Haidari. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda raia wake, alipenda paka, na kuliko vyote alipenda halwa. Lakini kasri lake lilikuwa na desturi moja iliyomharibu, kama ambavyo ingemharibu yeyote kati yetu. Desturi yenyewe ilikuwa hii: chakula kikiletwa barazani, hapana aliyeruhusiwa kutamka neno juu ya ladha yake kabla ya Sultani. Sultani huonja, husema neno lake, na neno hilo hupokewa na Waziri, kisha Akida, kisha Kadhi, kisha wazee wa baraza kwa daraja zao, mpaka limfikie bawabu mlangoni, naye bawabu, ambaye hata chakula hakupewa, alilisema pia.

Basi siku moja Sultani aliumwa na jino, akatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi, na biriani ilipoletwa akaonja akasema, "Haina chumvi." Waziri akasema haina chumvi, Akida akasema haina chumvi, na bawabu vivyo hivyo. Ikatiwa chumvi, Sultani akaonja tena, akasema, "Bado." Ikawa bado kwa kila mtu. Biriani ile ililiwa na watu wazima wenye ndevu zao, na juma lile visima vya Kiwambo vilipungua maji. Hapana aliyelalamika. Nasi tusiwacheke sana, maana wengi wetu tungekunywa maji na kunyamaza.

Mpishi wa halwa katika kasri hilo alikuwa mjane mmoja, Bi Rehani, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa mwiko. Halwa yake Sultani aliila akiwa amefumba macho. Na mambo yangekwenda hivyo hivyo, lau si kufika kwa mgeni mmoja aliyepanda punda mweupe, amevaa joho la tarizi, akajitaja kuwa ni Hakimu Sufiani, bingwa wa hekima.

Hakimu akaingia barazani, akainama, akanyoosha viganja vyake mbele ya watu. Akasema, "Ewe Sultani mtukufu, ujue ya kuwa katika viganja hivi inapita nuru isiyoonekana kwa macho. Jiwe halinisikii, wala chuma, kwa kuwa havikupata kuwa hai. Lakini kila kilichotoka katika mti au katika mnyama, mafuta, siki, nta, kafuri na wanga, nikikipitishia viganja hubadilika tabia yake."

Sultani akauliza, "Hubadilikaje?"

Hakimu akatoa kipande cha kafuri, akapitisha viganja juu yake bila kukigusa, akafumba macho, akahema. "Tazama, Bwana. Jana kafuri hii ilikuwa ikiyeyuka hewani ovyo ovyo. Sasa inayeyuka kwa adabu."

Sultani akaikodolea macho kwa kitambo. "Ni kweli," akasema. "Ina adabu."

"Ina adabu," akasema Waziri, na wengine wakafuata. Ikaletwa siki, Hakimu akaipitishia viganja, akasema imepungua hasira. Ikaletwa nta, akasema imepata utulivu wa moyo. Alikuwa na mizani yake ndogo ya shaba, akapima mwenyewe, akasoma mwenyewe, akashangaa mwenyewe. Hapana aliyeomba kuitazama mizani ile kwa karibu.

Kisha akasema lile lililomnasa Sultani. "Wanga nao, Bwana wangu, ukiingiwa na nuru huwa mtamu wenyewe kwa wenyewe. Sukari ni ya nchi zisizo na Hakimu."

Sasa sukari ya Kiwambo ilitoka nchi za mbali, na Sultani alipenda utamu bila kupenda kuulipia. Akasogea mbele. "Na ujira wako ni nini?"

"Mimi? Sitaki ujira. Nipe tu ile sukari usiyoihitaji tena, niiweke chumbani kwangu, isije ikagombana na nuru."

Hapo mtu yeyote angeuliza swali. Lakini katika baraza ile wa kwanza kuuliza ni Sultani, na Sultani alikuwa anatafuta kijiko. Magunia ya sukari yakahamishwa, Bi Rehani akaamriwa achemshe wanga mtupu kwa maji, Hakimu akaupitishia viganja huku akizungumza juu ya utamu kwa maneno mazuri mno, na kwa muda mrefu mno, hata mate yakawatoka watu. Sultani akaonja. Akatazama juu. Akatazama uso wa Hakimu uliojaa matumaini.

"Tamu," akasema.

"Tamu," akasema Waziri, na Akida, na Kadhi, na wazee, na bawabu.

"Huo ni uji wa wanga," ikasikika sauti kutoka mlango wa jikoni, "tena haujaiva."

Sultani akageuka. "Nani amesema?"

"Mimi, Bwana," akajibu Bi Rehani. "Nimeupika mwenyewe, naujua."

Hakimu hakukasirika. Akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Mwanamke huyu ulimi wake umezibwa na sukari ya miaka mingi. Nawe ujue, Bwana, mtu anayeikana nuru huizuia isipite. Akiendelea kukaa mjini, halwa yako itachacha."

Sultani aliposikia kuwa halwa yake i hatarini, hakufikiri zaidi. Akatoa amri kwamba ifikapo Ijumaa Bi Rehani awe ameondoka Kiwambo asirudi. Maskini mama wa watu akarudi jikoni, akakaa juu ya kigoda, akalia. Alizaliwa mji ule. Mumewe alizikwa mji ule. Majirani zake walikuwa wale wale aliopelekeana nao sahani za futari tangu ujana wake, na sasa, katika uzee, ajitwike mzigo aende wapi? Mimi mwenyewe nikifika hapa katika kusimulia huwa nina hasira na Sultani, ingawa najua mwisho wake.

Bi Rehani alikuwa na mpwa, jina lake Sadala, fukara aliyekuwa na kanzu moja tu, na siku akiifua hushinda ndani mpaka ikauke. Kazi maalumu hakuwa nayo. Tabia yake ilikuwa kuyachukua maneno ya watu kama yalivyotoka mdomoni. Siku moja Waziri alimfokea, "Sitaki kukuona hapa tena!" naye Sadala akamfunga Waziri kitambaa machoni, akaendelea kukaa. Tangu siku hiyo Waziri alikuwa akipima maneno yake kila alipomwona anakuja.

Sadala alipomkuta shangazi yake analia, hakuuliza mengi. Akaenda moja kwa moja barazani, akapiga magoti, akasema, "Sultani wangu, shangazi yangu amesema hamna nuru katika ule wanga. Kusema hamna si kosa, Bwana. Hata mimi mfuko wangu husema hamna kila siku, wala haujafukuzwa mjini."

Watu wa baraza walitaka kucheka, wakamtazama kwanza Sultani, nao wakaona hacheki.

"Wewe nawe!" akasema Sultani. "Hakimu anasema nuru imo, na ameniletea halwa. Wewe unasema hamna. Je, umeniletea nini? Basi kesho baada ya sala ya alasiri niletee hiyo hamna yako juu ya sinia, niione kwa macho yangu, na baraza yangu yote iione. Ukiileta, shangazi yako atabaki. Usipoileta, mtaondoka wote wawili mmejitwika masufuria vichwani, na bawabu atawapigia ngoma hadi lango la mji."

"Hadi lango la mji," akasema Waziri kwa furaha isiyofichika.

Hakimu akatabasamu ndani ya ndevu, kwa maana ni nani amewahi kuleta kisichokuwapo? Lakini Sadala akainuka, akapangusa magoti. "Nitaileta, Bwana. Ila hamna haibebeki mikononi, inahitaji chombo. Naomba niazimwe mabakuli mawili yanayofanana."

Aliporudi jikoni, Bi Rehani alikwisha pata habari. "Sadala baba, ulikwenda kuniombea au kunizika? Hiyo hamna utaipata wapi?"

"Kwako, shangazi. Pika sufuria kubwa la wanga kama ulivyopika siku ile. Usitie sukari, usitie samli, hata iliki usiionyeshe."

"Nitaaibika mbele za watu, mwanangu."

"Atakayeaibika si wewe. Pika tu, tena usiuchoshe sana moto."

Basi kesho yake, baada ya alasiri, baraza ilijaa hata watu wakakaa madirishani. Hakimu aliketi juu ya mto karibu na Sultani. Sadala akaja na sinia iliyofunikwa kawa, akaliondoa lile kawa, na chini yake yalikuwamo mabakuli mawili matupu. Akayajaza yote mawili kutoka katika sufuria moja lililowekwa mlangoni pa jikoni, mbele ya macho ya watu.

Akasema, "Hakimu, nakuomba upitishe viganja vyako juu ya bakuli moja tu, ulipendalo."

Hakimu akachagua la kwanza, akapitisha viganja, akafumba macho, akahema kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Sasa, Bwana wangu," akasema Sadala, "bakuli hili lina nuru, na hili jingine lina hamna. Amri yako nimeitimiza. Hamna ndiyo hiyo juu ya sinia."

Sultani akachungulia huku, akachungulia huku. "Mbona yamefanana?"

"Hamna ina tabia ya kufanana na vitu, Bwana, ndiyo maana ni taabu kuikamata. Lakini baraza yako yote iliitambua nuru kwa ulimi siku ile. Basi na leo waitambue. Nakuomba uyapeleke mabakuli nyuma ya pazia, lile lenye nuru ulipake masizi chini yake, kisha uyabadilishe mikononi upendavyo, asijue mtu ila wewe."

Sultani hakuwa amebeba bakuli tangu azaliwe. Jambo lile likampendeza sana, akaingia nyuma ya pazia, akasikika akicheka peke yake na kuyabadilisha, akatoka na moja kulia na moja kushoto, amejipaka masizi mpaka puani.

Waziri akainuka haraka. "Haiwezekani! Desturi! Watu wataonjaje na kusema, na Bwana hajasema?"

"Hapana atakayesema," Sadala akajibu. "Kila mmoja apewe kijiko cha bakuli la kulia, ameze. Kisha apewe kijiko cha la kushoto, akiweke mdomoni asimeze. Mwenye mdomo uliojaa hasemi. Aliyeona nuru kulia anyanyue mkono wa kulia, aliyeiona kushoto anyanyue wa kushoto. Na macho yafungwe kwa vilemba vyao, wasichoke kuchungulia mkono wa jirani."

Sultani akatafuta kosa katika maneno hayo, asilione. Desturi ilikataza kusema, haikutaja mikono. Wakafungwa vilemba usoni, wakalishwa, wakajaa mashavu. Hapakuwa na sauti ila ya watu kupumua kwa pua.

"Nyanyueni!" akaamuru Sultani.

Lo! Akida akanyanyua kulia, Kadhi akanyanyua kushoto. Wazee wakawa nusu huku na nusu kule, na mmoja aliyekuwa amesinzia akanyanyua mguu. Waziri, aliyezoea kutangulia pasipo kukosea, akanyanyua mkono wa kulia, akaushusha, akanyanyua wa kushoto, kisha akaona heri anyanyue yote miwili. Bawabu, ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kupewa chakula cha barazani, hakunyanyua mkono wowote, alikimbia nje kutema.

Sultani akasimama ameduwaa. Hakuwa amepata kuona watu wake wakitofautiana hata juu ya mvua. Akamgeukia Hakimu. "Nawe je? Wewe mwenye nuru, niambie lako ni lipi."

Hakimu akayatazama mabakuli, akafuta jasho, akasema, "Bwana wangu, kijana huyu kwa ujinga wake aliyaweka yote juu ya sinia moja. Nuru si kitu cha kukaa mahali pamoja. Imeruka kutoka hili ikaingia na lile. Ndiyo maana watu wamechanganyikiwa."

"Alaa!" akasema Sultani, na uso wake ukafunguka, kwa maana moyoni alikuwa anataka sana halwa ile iwe halwa. "Kumbe yote mawili yana nuru! Basi hamna haikuletwa!"

Mlangoni pa jikoni Bi Rehani akashika ukuta. Bawabu akaanza kutafuta ngoma yake. Lakini Sadala hakubisha hata neno moja. Alipiga makofi.

"Hakimu amesema kweli," akasema. "Nuru imeruka. Tena naona imeruka hata ndani ya sufuria la shangazi, maana nalo lilikuwa karibu. Basi Bwana wangu, sufuria zima ni halwa, mgeni wako yuko hapa, na tangu afike hajalishwa hata kijiko."

Watu wote wakageuza nyuso kwa Sultani. Desturi nyingine ya Kiwambo, kongwe kuliko ile ya kwanza, ni kwamba mwenye nyumba humlisha mgeni wa heshima kwa mkono wake mwenyewe, na mgeni hasemi basi mpaka mwenye nyumba aridhike. Kukataa tonge la mwenyeji ni kuitukana nyumba yake. Sultani akaona haya kwamba amejisahau hivyo.

"Aibu iliyoje!" akasema, akakunja mikono ya joho. "Leteni sufuria!"

Bi Rehani akalileta. Sultani akachota, akamlisha. Hakimu akameza, akatabasamu, akasema utamu umezidi. Sultani akafurahi, akachota kijiko kilichojaa zaidi. Hakimu akameza. Kilichofuata akakitafuna, ingawa si kitu cha kutafunwa. Wanga ukaanza kupoa, nanyi mwajua wanga ukipoa unavyokuwa: ukaganda, ukavutika, ukamshika Hakimu kwenye ndevu.

"Nimeshiba, Bwana."

"Haiwezekani! Hujala kitu. Fungua kinywa."

Akafungua. Sultani alikuwa na mkono mkubwa na upendo mkubwa, na sufuria lilikuwa halijafika hata nusu. Hakimu akatazama mlango, akaona bawabu amesimama hapo. Akatazama sufuria. Macho yakamtoka machozi, na mwisho akashika upindo wa nguo ya Bi Rehani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi madirishani, "Mama, nakuomba! Tia sukari! Hata kidogo!"

"Sukari yote iko chumbani kwako, baba," akajibu Bi Rehani.

Mkono wa Sultani ukasimama hewani. "Sukari ya nini, na hii ni halwa ya nuru?"

Hakimu akataka kujibu, lakini meno yalikuwa yamegandana. Basi Sultani akakigeuza kile kijiko, akakitia kinywani mwake, akafumba macho kama alivyozoea. Akayafumbua upesi.

"Huu ni uji," akasema taratibu. "Tena haujaiva."

"Huu ni uji," akasema Waziri, "tena hau..."

"Nyamaza! Ninyi mlijua?"

Waziri akatazama mkeka. "Bwana, tulijua tangu kijiko cha kwanza."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe hukuwa umesema."

Sultani akawatazama wote, na ndevu zao zenye uji, na vilemba vyao vilivyokaa upande, akaona haya kubwa. Kisha haya ile ikampasuka ikawa kicheko. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Wao wakangoja waambiwe kama wacheke au vipi, naye akazidi kucheka kwa jinsi walivyongoja.

Basi sukari ikarudishwa ghalani, na Hakimu Sufiani akaambiwa aondoke Kiwambo kabla ya Ijumaa ile ile aliyokuwa amepangiwa Bi Rehani. Uji uliobaki alipewa punda wake mweupe. Punda akaunusa, akageuza shingo. Yeye hakuwa amesikia hotuba. Na Sadala akafanywa mwonjaji wa kasri, mwenye ruhusa ya kusema kabla ya Sultani na hata akiwa hajaulizwa.

Lakini hilo halikutosha, na Sultani alijua. Jioni ile akaingia jikoni peke yake, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akamkuta Bi Rehani anafungua mizigo aliyokuwa amekwisha ifunga.

"Bi Rehani, nimekukosea."

"Umenikosea, Bwana. Uliniumiza sana. Nilikuwa nawaza nitafia kwa watu gani."

Sultani akainamisha kichwa. "Nikufanyie nini?"

Bi Rehani akafikiri, akamtazama juu hadi chini, akampa mwiko. "Songa," akasema.

Akasonga. Na kusonga halwa si mchezo. Mkono ukipumzika tu, chini inashika. Sultani akasonga mpaka joho likalowa jasho, akaomba apumzike akanyimwa, akapumzika kwa siri. Kisha halwa yenye sukari yake, samli yake na zafarani yake ikapelekwa barazani juu ya sinia, watu wakakaa kwa daraja zao, wakamtazama Sultani kinywani.

Sultani hakuonja. Akachota kijiko, akampa Bi Rehani mbele ya wote, akangoja na mikono yake imemvimba malengelenge, na nasema kweli, hakuwahi kuogopa hivyo hata vitani.

Bi Rehani akaonja. Akameza. Akafuta mdomo.

"Umeiunguza, Bwana."

Akida akafumba macho akingoja hasira ya Sultani. Lakini Sultani alicheka hata kilemba kikaangukia sinia, akainuka, akamshika mkono yule mama, akamketisha juu ya mto pale alipokuwa ameketi Hakimu, akasema, "Kesho utanifundisha tena."

Hekaya yangu imeishia hapo. Aliyeiona mbaya na aseme, mimi simfukuzi mtu mjini.